Risala ya klabu ya hadithi kwa mgeni rasmi, mahafali ya kidato cha nne, Lindi

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Mgeni rasmi, sisi ni wanafunzi tunaoandika hadithi, tunakutana kila Alhamisi baada ya vipindi chini ya mkorosho nyuma ya bwalo. Kiukweli tulipoanza hadithi zetu zote zilikua za Dar es Salaam, maghorofa, magari ya kifahari, mama wa kambo mkatili, na wengi wetu Dar hatujafika, alafu ukimaliza kuandika leo kesho unataka isomwe mstarini. Mwalimu wetu akasoma zote akatuambia haoni mtu humo ndani. Iliuma sana, wanne wakaacha.

Tuliobaki, mwenzetu mmoja akaleta hadithi ya mpagazi wa Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi. Yani ile mifupa ya dinosaria waliyochimba Wajerumani kuanzia 1909 mpaka 1913, watu wa huku ndo walioibeba kwa miguu mpaka bandarini hapa Lindi, na mpaka leo ipo Berlin. Mara ya kwanza aliandika kama notsi za historia, miaka mitupu. Tukamuuliza, huyo mpagazi kichwani kaweka nini chini ya mzigo, usiku analala wapi, mkewe anamwambiaje akirudi? Akaenda kwa bibi yake akafundishwa kusokota ngata, akajitwisha ndoo ya maji kutoka kisimani mpaka nyumbani, shingo ikamuuma siku mbili, ndo akaandika upya. Tulivyomsikia anasoma hakuna aliyekohoa.

Toka siku ile hadithi haitoki chini ya mkorosho mpaka irudiwe mara tatu na isomwe kwa sauti, maana sikio linakamata haraka watu wanaoongea kama taarifa ya habari.

Mgeni rasmi, maktaba yetu ina vitabu vya kiada tu, riwaya ni chache na zimechanika, na kuchapa steshenari ni hela kila ukurasa. Tunaomba utusaidie riwaya za Kiswahili na kompyuta moja, tunataka kushindania Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Tunakukabidhi hadithi ya mpagazi, imeandikwa kwa mkono, ni mara ya nne hii. Ukurasa wa mwisho mwenzetu aliyeiandika anataka kuurudia tena, kwaiyo tunaomba ukishasoma utuambie umeuonaje.