Barua kwa mwanangu aliyepewa nafasi ya yaya

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo nyumbani. Baba yako yuko Kibaigwa na magunia yake ya mahindi, bei haijamridhisha, kwa hiyo hata simu zake ni za kukata haraka. Nimepata ujumbe wako kwamba hapo chuoni mnaigiza Romeo na Juliet ya Shakespeare, na kwamba wewe umepewa nafasi ya yaya wa Juliet na umenuna. Usinune, mama. Juliet ataigizwa na msichana yeyote mwenye sauti nzuri na machozi ya karibu. Yaya anataka mtu wa akili.

Nimekitoa kitabu kabatini, kile nilichofundishia. (Mwalimu Nyerere alitutafsiria Mabepari wa Venisi ya Shakespeare huyo huyo, laiti angetupa na hiki.) Watu humfanya yaya kichekesho, mwanamke mropokaji anayelalamika mgongo. Kacheke naye, lakini anza na alichompa yule mtoto. Mwanawe mwenyewe, Susan, rika moja na Juliet, alikufa. Titi likabaki la mtoto wa tajiri. Siku ya kumwachisha alijipaka dawa chungu, ameketi juani chini ya ukuta wa banda la njiwa, ardhi ikatetemeka, na wazazi wa mtoto walikuwa mji mwingine, Mantua. Mimi nilikuachisha kwa mwarobaini, ukanitazama kama mwizi wako. Nalijua lile jua. Halafu angalia mama mzazi anapotaka kusema na bintiye faragha: anamtoa yaya nje, kisha anamwita arudi. Hawezi kuongea na mtoto wake bila yule mwanamke kuwepo.

Ndiyo maana Juliet, ambaye hajafika hata miaka 14, hana msiri mwingine. Yaya anapeleka ujumbe kwa Romeo, kijana ambaye Juliet anafunga naye ndoa ya siri, anarudi anahema, anamzungusha mtoto kwa habari za mifupa inavyomuuma kabla ya kumpa jibu. Ngazi ya kamba ya kupandia usiku analeta yeye. Anaifurahia siri ile kana kwamba harusi ni yake.

Sasa nenda tendo la tatu, onesho la tano. Hapo ndipo kazi yako ilipo. Romeo ameshafukuzwa Verona, mji wao. Baba, asiyejua ndoa ile, anataka binti aolewe Alhamisi na Paris, mchumba aliyemchagulia, binti anakataa, baba anafoka mpaka anatishia kumtupa barabarani. Yaya anamtetea! Anamwambia bwana wake usoni kwamba anakosea. Anaamriwa afunge mdomo, akapige umbea na wenzake. Usipite mbio hapo, maana ni mfanyakazi anayezeekea katika nyumba ile na hana kwingine pa kwenda. Mama naye anamgeuzia binti mgongo. Wanabaki wawili. Juliet anaomba neno moja tu la faraja, na yaya anamwambia aolewe na Paris: Romeo hawezi kurudi, na mbele ya Paris ni tambara la kuoshea vyombo.

Siri hakuitoboa. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniandikia kwamba yaya ni msaliti kwa sababu ya mdomo wake, nami nikiwakata alama. Mdomo wake ulitunza ndoa ile vizuri kabisa. Alichofanya ni kushuka njiani siri ilipoanza kuwa na gharama, akamwacha mtoto aendelee nayo peke yake.

Kijijini kwa bibi yako alikuwapo msichana aliyemwambia nyanya yake kila kitu kuhusu kijana wake. Ng'ombe wa mahari ya mtu mwingine walipoingia zizini, alimkimbilia huyo huyo. Mzee alikuwa akipepeta uwele. Hakuinua macho. Akasema, "Mkubali tu. Huyo wako ana nini?" na ungo ukaendelea. Msichana akachukua ndoo akaenda kisimani. Tangu hapo hakumwambia hata kwamba kichwa kinamuuma, na alipotorokea Morogoro watu walimjia nyanya juu: wewe ndiye msiri wake, yuko wapi? Mzee wa watu hakujua lolote.

Kwa hiyo usiucheze usaliti, mwanangu. Yaya hajui kama ametenda lolote. Juliet anamwambia, umenifariji ajabu, naye anaamini, anatoka akiwa na moyo mweupe kwamba mtoto ameelewa. Akishatoka tu, Juliet anamlaani. Usiku wa dawa ya usingizi, ile ya kumfanya aonekane amekufa ili asiolewe na Paris, Juliet anaogopa, anaita "Yaya!", kisha anajiuliza, huyu atafanya nini hapa? Anainywa peke yake. Asubuhi unaingia wewe na utani wako wa bibi harusi, unamwamsha, unamwita mvivu, unacheka. Cheka kwelikweli. Ukumbi mzima unajua asichokijua yaya. Ukiingia na uso wa msiba utakuwa umewaibia.

Niambie siku ya onesho mapema nikate tiketi. Nitakuja na shangazi yako. Atacheka pasipo mahali pake, mvumilie. Karanga na mlenda mkavu nimempa kondakta, kazichukue stendi. Na ile ngazi, mwombe mwalimu wenu atafute kamba ya katani. Mkipandisha ile ya plastiki ya bluu ya kufungia mbuzi, watu wa Dodoma watacheka mpaka Romeo ashuke.

Mama yako