Kuonyesha "Dillinger" ya 1945: kwa nini picha haijazi skrini, na kasoro zipi zinarekebishika

Klabu ya filamu au chuo kikitaka filamu moja ya zamani ya ujambazi, pendekezo letu la kwanza ni "Dillinger" ya mwaka 1945. Ni dakika 70 tu, haina porojo, na Lawrence Tierney, aliyekuwa akishika nafasi yake kubwa ya kwanza, anamwigiza John Dillinger, mwizi wa benki wa kweli wa Marekani, kwa uso mkavu na maneno machache mpaka unamwogopa kabla hajafanya lolote. Lakini ikishawashwa, hazipiti dakika tano mtu hunyoosha kidole na kusema projekta ni mbovu. Kuna kasoro za kifaa, kuna za nakala, na kuna zilizozaliwa na filamu yenyewe. Ukizichanganya utarekebisha kisichohitaji kurekebishwa na kuiharibu filamu nzuri.

Tuanze na ile miraba myeusi ya kushoto na kulia. Filamu za Marekani za miaka hiyo zilipigwa kwa uwiano wa 1.37, yaani upana unazidi kimo kwa kiasi kidogo tu. Skrini za leo ni 1.78. Kwenye skrini yetu yenye upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.69, picha ya "Dillinger" inachukua upana wa mita 2.31, na kila upande unabaki weusi wa sentimita 34 hivi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukibonyeza rimoti ivutwe ijae, kila sura inanenepa kwa asilimia 30 na magari ya miaka ya thelathini yanaonekana yamekanyagwa. Ukiikuza ijae bila kuivuta, unapoteza karibu robo ya kimo: kofia zinakatwa juu na bastola chini, na katika filamu hii hivyo viwili ndivyo vinavyosimulia. Kama weusi unawakera watazamaji, tundika kitambaa cheusi kizito kufunika pande hizo mbili. Ukingo wa picha ukiwa mkali, macho huacha kuuona upungufu.

Chenga ni jambo jingine. Punje ndogo zinazocheza juu ya picha nzima ni za filamu yenyewe, na hatuzifuti. Kifaa kikiwekwa kiondoe chenga, kinaondoa pia mikunjo ya uso na nyuzi za koti, na Tierney anageuka sanamu ya nta. Zima kipengele hicho, na zima pia kile cha kulainisha mwendo, maana kinaifanya filamu ya picha 24 kwa sekunde ifanane na taarifa ya habari. Lakini ukiona mistari ya mlalo kama meno ya kitana kila mtu anapokimbia, hiyo ni nakala iliyohamishwa vibaya kutoka kwenye video. Dawa yake ni kutafuta nakala nyingine.

Sehemu inayoleta maswali mengi kuliko zote ni wizi wa gari la fedha: mvua kubwa, moshi wa mabomu ya gesi, watu waliovaa vinyago. Ghafla filamu inaonekana ya gharama, na picha inabadilika kidogo ung'avu na chenga. Nakala yenu haijaharibika. Picha hizo zilipigwa kwa ajili ya filamu nyingine, "You Only Live Once" ya Fritz Lang ya mwaka 1937, kisha zikaunganishwa humu. Ndugu wawili wa familia ya King, Maurice na Frank, waliitengeneza "Dillinger" kwa studio ya Monogram, iliyojulikana kwa filamu za bei rahisi, na hawakuwa na fedha za kujenga tukio kubwa namna hiyo. Walichagua kwa akili. Vinyago vinaficha sura, mvua na moshi vinaficha mahali, kwa hiyo mtazamaji haoni kwamba wanaoiba si wale waigizaji aliokuwa nao dakika moja iliyopita. Na picha iliyopitia kunakiliwa mara ya ziada huongeza ukali wa tofauti kati ya weusi na weupe, na chenga pia, hata kwenye diski bora. Usiguse mwanga wa projekta hapo. Ukiurekebisha ukae sawa kwa tukio hilo, filamu yote inayofuata itakuwa na giza au itakuwa imefifia.

Kwa mwanga wa jumla, projekta ya lumeni 2,000 inatosha skrini ya mita 3 ikiwa giza ni la kweli. Ukumbi wenye mapazia mepesi unahitaji 3,000 au zaidi. Nje, msianze kabla ya saa moja na robo usiku, kwa sababu katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe mwanga kidogo wa jioni unageuza weusi wote kuwa kijivu. Kabla watu hawajaingia, shusha rangi hadi sifuri na weka joto la rangi (kipimo cha wekundu au ubuluu wa weupe) karibu na Kelvin 6,500. Hapo ule ukijani au ubuluu unaotokea kwenye projekta za bei nafuu unapungua sana.

Sauti ni ya mkondo mmoja. Msitumie spika za kuzunguka ukumbi. Spika moja nzuri chini ya skrini, au mbili zenye sauti ileile, zinatosha. Filamu za wakati huo hazina mengi katika sauti nyembamba sana, na ukizipandisha utakachopata ni mchakacho tu. Punguza hapo, ongeza kidogo sehemu ya katikati, mazungumzo yatasikika vizuri na muziki wa Dimitri Tiomkin hautapasua.

Kuhusu nakala: diski ya DVD ya Marekani ni ya kanda ya 1 (kanda hapa ni eneo la dunia ambalo diski na deki zimepangiwa), na deki nyingi zinazouzwa Tanzania na Kenya ni za kanda ya 5, kwa hiyo inaweza kukataa kabisa. Ulizeni kabla ya kununua. Pia tazameni muda. Nakala inayoonyesha dakika 67 badala ya 70 huenda haijakatwa. Imeendeshwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, ndiyo maana sauti nazo ziko juu kidogo. Tatizo linakuja mkiongeza maandishi ya tafsiri yaliyopangwa kwa nakala ya 24: kila dakika kumi yanachelewa kwa sekunde 24, na mwishoni Dillinger amekwisha kufa huku maneno yake yakiendelea kutokea. Tunazidisha muda wote wa maandishi kwa 0.96 na yanakaa sawa. Tukiulizwa kuhusu kutafsiri kwa sauti juu ya filamu, tunashauri maandishi, kwani ukimya wa Tierney ndio uigizaji wenyewe.

Atakayeongoza mjadala ajue kwamba filamu haifuati historia kwa karibu. Kutoroka gerezani kwa bastola ya mti kulitokea kweli, Crown Point, Indiana, Machi 1934. Kifo nje ya sinema ya Biograph huko Chicago, tarehe 22 Julai mwaka huohuo, pia. Lakini Specs, mkuu wa genge, ni wa kubuni, na mapambano ya risasi na maafisa wa serikali kwenye nyumba ya wageni ya Little Bohemia kule Wisconsin hayamo. Inafaa pia kueleza kwa nini ilipita miaka 11 kabla ya filamu hii kutengenezwa: mwaka 1934 Will Hays, mkuu wa chama cha studio kubwa, aliwazuia wanachama wake kutengeneza filamu ya Dillinger. Na mswada wa filamu, ulioandikwa na Philip Yordan, pamoja na ufukara wote huo, uliteuliwa kuwania Oscar. Watoto wadogo wasiwepo. Ukatili mwingi unatokea nje ya picha, lakini tukio la Dillinger kumshambulia mhudumu kwa glasi ya bia iliyovunjwa linakaa akilini.

Kununua diski hakukupi haki ya kuionyesha hadharani. Ruhusa ya mwenye haki inahitajika, hata kama kiingilio ni bure, na onyesho la wazi linapaswa kufuata taratibu za Bodi ya Filamu kwa Tanzania au bodi ya uainishaji wa filamu kwa Kenya. Anzeni hilo mapema kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu ndilo linalochukua muda.

Mkituandikia kuomba projekta, tajeni upana wa skrini au ukuta, umbali kutoka hapo hadi meza ya projekta, idadi ya viti, kama kuna mapazia mazito, na aina ya nakala mliyonayo. Tunaijaribu nakala yenyewe kwenye deki itakayotumika, siku moja kabla, mwanzo hadi mwisho.