Mwarobaini wa Nakuru huenda si mwarobaini

KWA MHARIRI,

Naomba nafasi nizungumzie kasoro inayojirudia kila magazeti na redio zetu zinapogusia mitishamba. Mmea hutajwa kwa jina moja la kienyeji, ugonjwa hutajwa, kisha msomaji huambiwa achemshe anywe. Habari ya namna hiyo ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoweza kumdhuru mtu. Mfano ulio wazi kabisa ni mti ambao kila mmoja anaamini anaujua.

Mwarobaini ni Azadirachta indica, mti wenye asili ya Bara Hindi. Unapenda joto. Unastawi Pwani, ambako wengine huuita mkilifi, na unastawi kandokando ya Ziwa Victoria, maana Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda kuelekea mita 1,500, mti huu hudumaa. Sasa, mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi, na Eldoret ni 2,100. Huko juu, mti wa kivuli ambao wengi wanauita mwarobaini mara nyingi ni Melia azedarach, ndugu yake wa familia moja, unaostahimili baridi. Hata Kisumu miti hii miwili hupatikana mtaa mmoja, na jina la mmoja hupewa mwingine bila mtu kujali.

Kuitofautisha hakuhitaji darubini. Chuma jani zima, kuanzia pale kikonyo kinaposhikana na tawi, kwa kuwa wengi huchuma kijani kimoja kidogo wakidhani hilo ndilo jani. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, na vijani vimejipanga pande zake mbili kama mbavu, kila kijani kikiwa kimepinda kama mundu na kingo zake zina meno ya msumeno. Jani la Melia hugawanyika mara mbili, pengine tatu: kikonyo kikuu huzaa vikonyo vidogo, na vijani hukaa kwenye hivyo vidogo. Maua ya mwarobaini ni meupe. Ya Melia ni ya zambarau hafifu yenye mrija wa zambarau iliyokolea katikati. Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu na huanguka likiiva, ilhali ya Melia ni duara, ya manjano, na hubaki yakining'inia vishada hata mti ukipukutisha majani yote.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Matunda ya Melia yana sumu ziitwazo meliatoksini, ambazo hushambulia tumbo na neva: mtu hutapika, huhara, hutetemeka, na sumu ikizidi hupatwa na degedege au kushindwa kupumua. Nguruwe hufa kwa kuyala. Tena kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mti na mti, kwa hiyo kusema kwamba jirani aliyala na hakudhurika si ushahidi wowote. Mwarobaini wenyewe nao una mipaka yake. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru watoto wachanga ini na ubongo, hata kwa kiasi kidogo. Mahali ambapo nguvu ya mti huu imethibitishwa vizuri ni shambani. Saga gramu 50 za kiini cha mbegu, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja, kisha nyunyizia sukumawiki yenye viwavi jioni. Ukinyunyiza saa sita mchana, jua huivunja haraka azadirakitini, yaani kemikali inayowadhuru viwavi, na kazi yako inapotea bure.

Ndiyo sababu utafiti wa mmea tiba ulio makini huanza na sampuli kavu yenye namba, kabla ya kemikali wala panya. Kata tawi la urefu wa sentimita 30 hivi lenye majani, na maua au matunda. Lipange ndani ya kurasa za gazeti, jani moja likigeuzwa ili upande wa chini uonekane. Karatasi ya gazeti inafaa kwa kuwa inanyonya maji, lakini ile laini inayong'aa ya majarida hainyonyi. Bana kwa mbao mbili na mikanda, na ubadilishe karatasi kila siku kwa siku tatu au nne za mwanzo. Asiyebadilisha atakuta ukungu na majani meusi, hasa msimu wa masika Kakamega, ambako hewa yenyewe ina maji. Kwa penseli, si kalamu ya wino, andika mahali, kimo, tarehe, rangi ya ua, aina ya udongo, jina la kienyeji na lugha yake. Rangi ni ya lazima kwa sababu ua likikauka hubadilika. Kisha sampuli ipelekwe kwenye hifadhi ya mimea mikavu, kama ile ya Afrika Mashariki iliyo Makavazi ya Taifa jijini Nairobi, ilinganishwe na zilizopo na kupewa namba. Miaka 20 baadaye mtu akitilia shaka matokeo, ataitazama sampuli ileile.

Magome na mizizi iliyokatwakatwa, kama inavyouzwa katika soko la Kibuye, huwezi kuitambua kwa macho kwa uhakika. Ni lazima umfuate mchumaji hadi kwenye mti. Utafiti unaosema tu kwamba dawa ilinunuliwa sokoni hauna msingi, hata mashine zilizotumika zikiwa za bei ghali namna gani.

Likishajulikana jina, huja swali la sehemu. Chukua mshubiri, ambao Wajaluo huuita ogaka. Ndani ya jani moja mna dawa mbili zisizofanana hata kidogo. Chini ya ganda la kijani hupita utomvu wa manjano, mchungu, wenye aloini, ambao huharisha. Ukitumiwa siku nyingi mwili hupoteza potasiamu, na moyo hutegemea madini hayo kupiga sawasawa. Katikati ya jani ndiko kuna ute mweupe usio na uchungu unaopakwa ngozi iliyoungua. Anayetaka ute husimamisha jani lililokatwa, sehemu iliyokatwa ikielekea chini, kwa dakika 15 hivi mpaka manjano yote yachuruzike, ndipo alimenye. Gazeti likiandika "kunywa mshubiri" halijasema ni ipi kati ya dawa hizo mbili.

Sehemu inayovunwa ndiyo pia huamua kama mti utaishi. Gome la mti wa Prunus africana, ambao Wakalenjin huuita tenduet na Wakikuyu muiri, hutafutwa kwa ajili ya maradhi ya tezi dume, na biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1995. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia gome la ndani. Ukilizungushia panga shina lote, mizizi haipati chakula. Mti utaendelea kuwa wa kijani kwa miezi, na mchumaji ataapa kwamba hakuudhuru, kisha utakauka kuanzia kileleni. Njia iliyo salama ni kuacha miti yenye kipenyo cha chini ya sentimita 30, na kwa iliyokomaa kubandua robo mbili zinazotazamana, huku robo nyingine mbili zikiachwa miaka kadhaa. Panga lisiguse ule utando laini wenye unyevu ulio kati ya gome na mti, kwa maana humo ndimo gome jipya huzaliwa. Soget wa Wakalenjin, Warburgia ugandensis, naye anachunwa vivyo hivyo kwa ajili ya kikohozi. Ukali unaouma ulimi ukilitafuna gome lake unatokana na poligodiali na jamaa zake, kemikali ambazo zimeonyesha uwezo dhidi ya fangasi maabarani.

Nalitumia neno "maabarani" kwa makusudi, kwani hapo ndipo habari nyingi hupotoka.

Mganga huchemsha kwa maji. Maabara nyingi hukausha majani kivulini, huyasaga, hulowesha gramu 100 katika lita moja ya methanoli au ethanoli, ambazo ni aina za alkoholi, kwa saa 72, huchuja, kisha huondoa kimiminiko kwa joto la digrii 40 hivi hadi libaki tope zito. Tope hilo si dawa ya mganga. Maji hutoa vitu vingine, methanoli hutoa vingine. Tofauti hiyo ndiyo iliyompa Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kuchemsha Artemisia annua kulikuwa kunaharibu kazi, hadi alipotumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, akaipata artemisinini, dawa ya malaria iliyomo katika mmea huo. Hii haiyeyuki vizuri katika maji, na kwa hiyo kikombe cha chai ya Artemisia hubeba kiasi kidogo kisichotabirika. Aidha, ini likizoea dawa hii huivunja haraka zaidi kadiri siku zinavyokwenda. Katika nchi ya malaria kama Nyanza, dozi pungufu humwacha mgonjwa na vimelea, tena vile vilivyosalimika ndivyo vinavyoizoea dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria, na ni sawa. Artemisia afra, ndugu yake wa Afrika aliyezoeleka kwenye bustani za dawa, karibu haina artemisinini kabisa. Hapa tumerudi palepale pa jina.

Kisha kuna duara lile tupu linalotokea kuzunguka dawa kwenye sahani ya bakteria, pale bakteria waliposhindwa kuota, linalopigwa picha na kuchapishwa. Upana wa duara hupima pia jinsi dawa inavyosambaa katika ute wa sahani, na dawa yenye mafuta husambaa polepole hata ikiwa kali. Kipimo bora ni kuipunguza nguvu dawa hatua kwa hatua ndani ya vishimo na kutafuta kiwango cha chini kinachozuia bakteria. Kuwe na kishimo chenye kiyeyushi peke yake, kwa sababu DMSO, kiyeyushi kinachotumika sana maabarani, ikizidi huua bakteria yenyewe, na mtafiti akasifu mmea kwa kazi ya kiyeyushi.

Tuseme kiwango hicho ni miligramu 1 kwa mililita, matokeo ya kawaida sana katika ripoti hizi. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, na kati yake maji ya damu, yaani plazma, ni kama lita 3. Ili kufikia kiwango hicho katika plazma pekee zinahitajika gramu 3 za tope. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za tope, hizo ni gramu 30 za majani, yote yafyonzwe kwa mara moja na chembe moja isipotee. Lakini mwili haufanyi hivyo. Damu inayotoka matumboni haiendi moja kwa moja moyoni. Hupitia kwanza kwenye ini, na ini huvunja sehemu kubwa ya vitu vigeni hapohapo. Kinachobaki husambaa katika maji yote ya mwili, kama lita 40. Kwa hesabu hiyo ni gramu 400 za majani makavu, kipimo ambacho hakuna anayekinywa. Tope la mmea likizuia vijidudu kwa mikrogramu 100 kwa mililita au chini yake, hapo kuna jambo la kuendelea kulitafuta. Likihitaji mara kumi ya hapo, haifai kuandika kwamba tiba imepatikana.

Panya nao wasomwe kwa makini. Malaria ya panya katika majaribio ya siku nne husababishwa na Plasmodium berghei, kimelea ambacho hakimpati binadamu. Na dozi haibebwi vilevile: ya panya kwa kila kilo hugawanywa kwa 12.3 ili kupata ya binadamu. Miligramu 500 kwa kilo ya panya ni kama 41 kwa kilo ya mtu, yaani karibu gramu 2.5 za tope kwa mtu wa kilo 60. Gazeti likichapa 500 na msomaji akaitumia hivyo, atameza mara 12.

Ombi langu, Mhariri, ni hili. Habari yoyote ya mmea tiba ichapwe na jina la kisayansi pamoja na la kienyeji na lugha yake, sehemu iliyotumika, namna ilivyoandaliwa, na neno moja wazi la mahali ilipopimwa: sahani, panya au watu. Iwekwe picha ya jani zima, ua na tunda kando ya rula. Na mganga aliyeeleza matumizi atajwe kama chanzo kwa idhini yake, kwani tangu 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi.

Kwa wasomaji wa Nakuru na nyanda za juu: kama jani la mti wenu linagawanyika mara mbili, acheni kuunywa. Mtoto akila matunda yake, msimtapishe kwa maji ya chumvi wala kumnywesha maziwa mkisubiri apate nafuu. Mpelekeni hospitali mara moja, na mbebe tawi lenye majani na matunda likiwa limefungwa kwa karatasi, si plastiki, ili lifike halijaoza na daktari aonyeshwe ni mti gani hasa.

Mtafiti wa mimea tiba,
Kisumu.