Jumamosi Nilikwenda Peke Yangu

Kamukunji, Nairobi

Mwanangu mpenzi, mama yangu mdogo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama yako mzima, hofu ni kwako huko Ujerumani kwenye baridi. Ule ujumbe wa sauti uliotuma nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu ilinibidi nifunge kibanda changu cha kufua bati, maana unajua saa za kazi hapa mtu akisema nawe unaona midomo tu ikicheza. Umeeleza mengi, ya wazee unaowauguza, ya Kijerumani kinachokukwama kooni, ya treni zinazofika kwa dakika. Halafu pale mwisho, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayetubu, ukasema mambo ya muziki wa metali, ile roki nzito, umeachana nayo. Nikakujibu "sawa mama". Si sawa. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza habari za Jumamosi, najua ndizo unazozitaka hata kama umeachana nayo.

Nilikwenda. Ni ile baa ya ghorofani ya siku zote, ngazi ni zilezile na bado taa ya ngazini haijawekwa. Yule kijana wa ndevu mlangoni alitaka kunipitisha bure eti mimi ni mzee wa nyumbani. Nikakataa, nikatoa mia tano yangu. Bendi nne, watu hawafiki mia, ukianza kupitisha wazee bure hao vijana watarudi nyumbani na nini? Kipindi cha saa mbili kilianza saa nne kasoro. Fundi wa sauti alikuwa mgeni, nadhani ni wa harusi, maana alipandisha maikrofoni mpaka juu na gita akalizika kabisa. Mpiga gita akashuka jukwaani wimbo ukiendelea, akaenda akamnong'oneza. Sijui alimwambia nini, lakini kuanzia hapo kuta zilitetemeka.

Wimbo wa pili wa bendi ya pili, stima ikapotea. Gita kimya, mwimbaji kimya, giza tupu. Mpiga dramu peke yake hakuacha. Watu wakamshika kwa makofi, wakampigia hivyo mpaka jenereta ikawaka, na wenzake wakaingia palepale walipokuwa wameachia. Hata mimi niliyesimama kule nyuma na Fanta yangu nilijikuta nimepiga makofi mpaka mikono ikawasha, na mikono hii unaijua, haiwashwi na kitu kidogo.

Halafu sikiliza hii. Stendi ya toazi kubwa ilianza kuteremka. Kila akipiga, toazi linashuka inchi moja, anapiga tena, linashuka, mwisho likawa magotini pake. Walipopumzika nikapanda kuangalia. Uzi wa skrubu ulikuwa umelika wote. Nikaomba mkebe mtupu wa soda, nikakata ukanda kwa kisu cha jikoni cha pale baa, nikauvingirisha kwenye bomba la ndani, nikalisukuma na kukaza. Likasimama hadi mwisho. Sasa wananiita Mzee Bati. Mmoja ameniletea pedeli ya dramu hapa kibandani nimtengenezee springi, na mwingine anauliza kama naweza kumfulia kengele ya ng'ombe ya kupigia dramu. Nimemwambia kwa kengele ya ng'ombe asingehitaji kuuliza.

Sasa turudi kwenye hilo la kuachana.

Kuna jambo sijawahi kukuambia vizuri. Ulipokuwa kidato cha tatu niliitwa shuleni nikaonyeshwa daftari lako la hesabu, jalada limejaa maandishi kama matawi ya miiba. Mwalimu akaniambia hizo ni alama. Hakusema za nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua. Mwaka 1994 rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti wake Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Nilikuwa kijana mwanagenzi hapahapa Kamukunji, na miaka ile hungepanda matatu bila kusikia habari za pete yenye nyoka, au mtu aliyetajirika usiku mmoja. Hofu ile niliiweka mahali, na siku nilipoona daftari lako nikaitoa mzimamzima kama nguo ya sandukuni. Nilirudi nyumbani nikachukua ile tisheti yako nyeusi nikawashia jiko. Ulikuwa umeinunua Gikomba kwa pesa ulizoweka za nauli, ukitembea kwa miguu. Hilo nililijua baadaye, kwa mama yako.

Na kisha siku moja nikakufuata hadi onyeshoni. Hili unalijua nusu. Unajua kwamba nilikukuta mlangoni tukarudi pamoja. Hujui kwamba nilikuwa ndani tangu mwanzo, nimejibanza karibu na vyoo, nimevaa koti la kanisani. Watu walipoanza kugongana pale mbele nilishika njia nije nikutoe kwa mkono. Hapo ukateleza. Kabla goti lako halijagusa sakafu mikono minne ilikuwa imekuinua, ya watu uliokuwa ukigongana nao sekunde ile. Baadaye kidogo msichana mmoja akapoteza kiatu. Jamaa mkubwa kama mlango akakiokota, akakiinua juu, akasimama nacho hivyo huku watu wakimzunguka, mpaka mwenyewe akaja kukichukua. Nikajiambia, mashetani gani haya?

Lakini kilichonituliza zaidi ni dramu. Mama, yule kijana alikuwa na pedeli mbili chini, na miguu yake ilikuwa ikijibizana. Tukifungua pipa hapa ili tulifanye karai, wawili husimama pande mbili, mmoja anapiga, mwenzake anajibu. Mbio zikichanganya huwezi kusema nani kapiga. Ukikosea zamu, kidole kimekwenda. Miaka yangu yote watu wameipita kazi hii wakiwa wameziba masikio, na hapa kuna vijana wamelipa kiingilio waisikie.

Njiani kurudi, bado ukiniogopa, ndipo uliponisimulia ya Tony Iommi, mpiga gita wa Birmingham. Nilidhani unanitungia ili nisikasirike. Kumbe kweli: kijana wa miaka 17, kiwanda cha vyuma, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajifinyangia vifuniko vya vidole, akavibandika ngozi juu ili vishike nyuzi. Akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize, ndiyo sauti ikashuka ikawa nzito namna ile. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka Februari 1970. Niliangalia kidole changu, hiki cha kushoto kilicholiwa na mkasi wa bati. Sikusema kitu. Lakini tangu siku ile hukuniona nikichoma nguo.

Ukanisomesha pole pole, na mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya. Ulinipigia bendi ya hapa Nairobi, Crystal Axis, nikasikia wanaimba habari za Nyayo House, nikasimama, maana mimi ni wa rika la waliojua jinsi watu walivyoteswa chini ya jengo lile. Nikakuambia hii metali ni nzuri, ukacheka hadi ukakohoa: hiyo ni panki, baba. Ukanipigia Last Year's Tragedy. Halafu Duma. Mimi nikajua ni yule mnyama wa mbio, na kwa kweli mbio zilikuwepo. Jirani yangu wa kibanda cha pili, Mkikuyu, akanirekebisha kwamba kwao ni giza. Nikamwambia mbona nduma ninazozijua mimi huliwa na chai asubuhi. Tukabishana juma zima.

Na lebo ya hao Duma, yaani kampuni iliyowatolea albamu! Vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, wanatoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na binti yangu anavaa jina hilo kifuani kwenda dukani. Ulijaribu kunieleza kwamba kwa Waganda maana yake ni ile hamu ya kucheza inayomjia mtu ghafla. Sawa, lakini mama mwenye duka si Mganda, ni wa kutoka Mombasa, na siku ile aliniangalia kwa huruma sana.

Sasa, mwanangu, nisikilize. Unasema huko unaona haya. Umekwenda kilabu mara moja, ukawa mweusi peke yako, watu wakakutazama, ukarudi nyumbani kabla bendi kuu haijapanda. Unasema wauguzi wenzako wakijua watakuona wa ajabu.

Hivi hapa ulikuwa hutazamwi? Umesahau buti zile kwenye jua la Februari, makanga anakuuliza kama umetoka matangani? Umesahau shangazi yako aliyekuombea kwa kukushika kichwa mbele ya wageni, na wewe ukasubiri amalize ukamkaribisha chai? Ulivumilia macho ya mtaa mzima kwa ajili ya maonyesho mawili matatu kwa mwaka, baa ambayo stima hupotea. Sasa Mungu amekupeleka nchi ambayo metali iko kama mboga sokoni, ndipo unaacha. Mtu aliyekunywa maji ya chumvi miaka yote, akifika kwenye mto anasema hana kiu.

Tena wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha wale wapenzi wa metali wa Botswana, wanaume na wanawake waliovaa mavazi ya ngozi nyeusi toka kofia hadi viatu, mikanda ya risasi, kama wachunga ng'ombe wa sinema. Ni wewe uliyeniambia kwamba bendi ya Overthrust, watu wa Ghanzi, kando ya Kalahari, walipanda jukwaa la Wacken, lile tamasha kubwa la metali, mwaka 2016, na kwamba mwimbaji wao kazi yake ni polisi. Wacken si hapo Schleswig-Holstein, mwendo mfupi tu kutoka Hamburg? Na Khanja, yule wa Duma, anayejiita Lord Spikeheart, albamu yake ya 2024 aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyekuwa na cheo cha fildi masho, ambaye anamtaja kuwa nyanya yake mkuu. Anaunguruma mbele ya Wazungu hao hao unaowaonea haya, na nasikia wanajaa.

Sikutumi Wacken. Nimeulizia bei ya tikiti yake, ni kodi ya nyumba. Nakutuma kwenye kilabu ndogo ya mtaani kwako, siku usiyokuwa zamu. Simama nyuma karibu na vyoo ukitaka, pana hewa na hakuna anayekusukuma, nakuambia kwa uzoefu. Na utie vizibo vya masikio. Mimi nilichelewa kuvijua, wewe usichelewe.

Wala usiniambie moyo umepoa. Ozzy, yule mwimbaji wa Black Sabbath, alipofariki Julai 2025, wiki mbili na kidogo tu baada ya kuimba akiwa ameketi kwenye kile kiti cha mfalme pale Birmingham, nani alinipigia saa kumi na moja alfajiri analia mpaka mama yako akadhani kuna msiba wa nyumbani?

Huku mambo si mazuri sana, nisikudanganye. Ile bendi uliyoipenda ya akina mpiga besi mrefu imevunjika. Mmoja yuko Doha, mwingine ameoa na mkewe hataki. Redio ya roki ilishanyamaza zamani, hiyo unajua. Matangazo sasa ni ya kutumiana kwenye simu, na ukikosa kuwa kwenye kundi hujui kitu. Mimi niko kwenye kundi. Nilijiunga kwa jina lako, samahani, nikaogopa wangekataa mzee. Wameshajua.

Jambo la mwisho kabla koleo haijapoa. Buti zako ziko chini ya kitanda, nazipaka mafuta kila mwezi. Binti wa mama mwenye duka, yule mdogo aliyekuwa akikuchungulia ukipita, ameanza kuvaa nyeusi. Jumamosi alinisimamisha akaniuliza kwa haya kama ninakwenda "kule", na mama yake anasema atamruhusu akienda na mimi. Anakwenda kwa ndala. Huwezi kusimama pale na ndala, atatolewa vidole. Mguu wake ni saizi sita kama wako. Nimpe, au unazirudia? Onyesho ni mwisho wa mwezi, nijibu kabla ya hapo.

Baba yako