Mabadiliko ya ratiba ya Istanbul

Assalamu alaikum ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa Soko Kuu hufungwa Jumapili, ziara yetu huko tumeihamishia Jumamosi.

1. Jumamosi: tukutane saa 4:00 asubuhi kwenye lango la upande wa Beyazıt. Njia za ndani zinafikia takribani 60 na kupotea ni rahisi, hivyo tafadhali tuingie pamoja.

2. Jumapili: saa 3:00 asubuhi tutaanzia Msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na msanifu majengo Sinan kati ya 1550 na 1557, kaburi lake dogo liko nje kidogo ya ukuta, na kwa maoni yangu lisirukwe. Kisha tutaelekea Msikiti wa Sultanahmet wenye minara sita na vigae vya mji wa İznik. Kwa kuwa watalii hawaruhusiwi kuingia wakati wa swala, atakayechelewa atasubiri nje. Mabega na magoti yafunikwe, akina dada waje na mitandio, na viatu vyepesi kuvua vitatufaa sote.

3. Mchango wa mwongozaji ni lira 600 kwa kila mtu, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni.

Tafadhali jibuni hapa “Nathibitisha” pamoja na idadi ya mtakaofika nao.