Safari ya Mama na Baraka, mwezi wa tatu

Dada Anande, shikamoo. Nisalimie wote Kibosho.

Hela ya bati nimetuma yote. Kwa hiyo Baba Mdogo asirudie tena maneno yake kwamba tiketi ya Mama inakula fedha za kihamba, shamba letu la ukoo. Mama ataziona taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, na mlipaji ni mimi.

Tarehe zibaki wiki ya mwisho ya Machi. Usiku na mchana vikikaribia kulingana, sumaku ya dunia hushikana vizuri zaidi na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua, na mianga hucheza mara nyingi. Mwisho wa Aprili usiku wa kule hauna tena giza la kutosha. Baraka anang'ang'ania Tromsø, Norwe, lakini Tromsø ni pwani, mawingu ya bahari hayaishi. Tunaenda Abisko, Uswidi, ambako milima huyazuia. Tulale siku nne, maana wingu likikaa usiku mzima hakuna cha kuona. Kutazama ni saa 3 hadi saa 7 usiku.

Viza inaombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isipungue siku 15. Msingoje. Ada ni euro 90 kila mmoja. Bima ya matibabu ifike euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza hiyo moja, siyo Uswidi peke yake. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu, na muda wake uzidi miezi 3 baada ya siku ya kurudi.

Baraka kazoea baridi ya Barafu, ile kambi ya Kilimanjaro, lakini mlimani mtu anatembea. Huku unasimama juu ya theluji, baridi inapandia nyayoni. Buti za Mama zizidi namba moja, ndani soksi mbili za sufu; zikibana, damu haifiki vidoleni. Fulana ya pamba asivae, ikilowa jasho haikauki. Betri za kamera Baraka aziweke mfuko wa ndani, baridi huzimaliza upesi. Kabla ya kuingia ndani, kamera aifunge kwenye mfuko wa nailoni, la sivyo lenzi italowa ukungu.

Nyama na maziwa msifunge, forodha ya Ulaya hairuhusu. Kahawa iliyokaangwa inapita. Nifungieni kilo mbili, ile ya upande wa mfereji, nimeikumbuka mno.

Nakala ya pasipoti ya Mama ikaskaniwe stendi, nisitumiwe picha ya simu.

Mdogo wako,
Eliya