Drai klina ikifungwa, udongo upimwe kabla kiwanja hakijauzwa

Mhariri,

Drai klina ikifungwa, mashine huuzwa, bango hushushwa na fremu hupata mpangaji mwingine. Kilichobaki chini ya sakafu hakuna anayekiuliza. Tunaiomba NEMC, baraza la taifa la mazingira, na bodi za maji za mabonde zidai vipimo vya udongo kabla eneo kama hilo halijabadilishwa matumizi, hasa Dar es Salaam ambako kaya nyingi hutegemea visima.

Maduka mengi yenye bango hilo hufua kwa maji na sabuni tu, hayo hayahusiki. Wanaohusika ni waliotumia perkloroethilini, dawa ya majimaji ya kufulia nguo bila maji. Lita yake moja ina uzito wa kilo 1.6, hivyo ikimwagika haielei juu ya maji kama dizeli. Hupenya zege, huzama chini ya maji ya ardhini hadi ikutane na udongo wa mfinyanzi, na hapo hukaa miaka mingi ikiyeyuka kidogo kidogo. Marekani haziruhusiwi zaidi ya mikrogramu 5 katika lita ya maji ya kunywa. Kwa kipimo hicho, lita moja ya dawa hii inatosha kuharibu zaidi ya lita milioni 300. Ukichemsha, mvuke wake unabaki jikoni. Vidonge vya klorini havifui dafu.

Mara nyingi chanzo si ajali. Mashine ina kitenganishi cha maji na dawa, na maji yatokayo humo huonekana masafi, basi fundi huyamwaga kwenye sinki. Yanaweza kubeba miligramu 150 kwa lita, yaani mara 30,000 ya kiwango tulichotaja. Bomba la maji taka likivuja kwenye kiungo, au likiishia kwenye shimo la choo, kisima cha jirani kimekwisha. Ongeza vichujio vilivyochakaa na tope la mtambo wa kukeneka (kuivukiza dawa ili itumike tena), vinavyotupwa nyuma ya duka.

Upimaji uanze na hewa iliyo chini ya sakafu: pale mashine ilipokaa, kwenye kitenganishi na kando ya bomba la maji taka. Kuchimba kisima kirefu kwanza ni hatari, maana ukitoboa mfinyanzi umeifungulia dawa njia ya kushuka. Sampuli ya maji itiwe kwenye kichupa cha kioo cha mililita 40, kijae pomoni bila kiputo hata kimoja, kisha kiwekwe kwenye barafu. Ikitiwa kwenye chupa ya plastiki yenye nafasi ya hewa, dawa huponyoka na majibu huja mazuri kwa uongo.

Udongo mkavu husafishwa kwa kunyonya hewa yake kupitia mabomba yenye matundu hadi kwenye mkaa maalumu. Ndani ya maji, bakteria hulishwa mafuta ya kula ili waivunje dawa. Wakikwama njiani huacha vinili kloridi, ambayo ni mbaya zaidi.

Nani alipe? Florida ilianzisha mfuko mwaka 1994, ukichangiwa na kodi ya asilimia 2 ya mapato ya drai klina na dola 5 kwa kila galoni ya dawa. Kwetu wenye mashine ni wachache, mfuko kama huo hautajaa. Afadhali dhamana ilipwe leseni inapotolewa.

Desemba 2024 Marekani iliamua kuiondoa dawa hii kwenye drai klina ndani ya miaka 10. Mashine zao kuukuu zitatafuta wanunuzi, kwa hiyo forodha wapewe maelekezo mapema.

Wahandisi wa mazingira,
Dar es Salaam